Picha Kumi na Moja na Gundi ya Seremala

Sijui nianzie wapi ili nisimwonee mtu. Nikianza na mzee, itaonekana kosa lilikuwa lake. Nikianza na mimi, itaonekana najidai mnyenyekevu. Basi nianze na manila, maana ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa manila.

Natengeneza kadi na albamu hapa mtaa wa Mbotela, Nairobi, kwenye meza iliyo chini ya dirisha langu. Shule niliishia darasa la nane, na maneno ya kazi hii sikuyapata darasani. Niliyapata mtaa wa Baba Dogo, kwa wanaume wanaokata karatasi kwa mashine na kuniuzia mabaki kwa kilo. Kwao karatasi yoyote ngumu ni manila. Kuna manila nyekundu, manila ya kumetameta, manila ya mistari. Upande ambao karatasi inakubali kukunjwa bila kupasuka wanauita njia. "Mama, kunja na njia, ukienda kinyume itakupasukia." Kukwaruza mstari kwa kalamu iliyoisha wino kabla ya kukunja, hiyo wanaiita kuamsha. Nimeyaandika yote kwenye daftari, pamoja na mengine niliyojitungia, na mpaka mzee alipokuja sikuwa nimekutana na mtu wa kuniambia kwamba daftari zima lina makosa.

Mzee ni jirani, nyumba ya sita kutoka kwangu. Alifanya kazi reli, karani wa stoo ya vifaa vya kuandikia, miaka yake yote. Alikuja asubuhi akiwa amebana bahasha ya kaki kwapani, akavua kofia, akakaa bila kuegemea kiti.

"Nataka kitabu cha picha," alisema. "Kwa ajili ya mama watoto. Anasahau."

Kwamba mkewe anasahau tulikuwa tunajua plot nzima, nyumba zote za ua wetu. Mama yule alifundisha chekechea, na nusu ya watu wazima wa hapa waliandikishwa herufi a na yeye. Alianza kwa kusahau sufuria kwenye moto, akaendelea kusahau majirani, na sasa kuna siku anaamka, na akimwona mzee chumbani anapiga kelele za mwizi. Binti yao anayekaa mtaa wa Fedha alikuwa amemwekea picha za zamani kwenye simu. Mama alikuwa akiiangalia mara moja na kuirudisha, akisema simu si yake, asije akashtakiwa.

"Lakini akiwa na kitabu mkononi," mzee aliniambia, "akae nacho, akifungue mwenyewe, labda ataacha kutuogopa." Aliigeuza kofia mara mbili. "Nimechoka kuogopwa, binti."

Neno hilo lilinishika. Nikamwambia nitamtengenezea, manila nzuri ya bluu.

"Hakuna manila ya bluu," akasema.

Nilifikiri anatania. Nikamtolea karatasi kutoka kwenye rundo, nikamwekea mbele.

"Hiyo ni kadi ya rangi. Manila ni ile ya manjano ya faili. Manila ya bluu ni kama kusema maziwa meusi."

"Mzee, Nairobi yote inasema manila."

"Nairobi yote inakosea. Hii ni gramu ngapi?"

Sikujua ni gramu ngapi. Mimi huwa naikunja pembe na kusikiliza inavyolia. Alinitazama kama mtu anayenunua nyama kwa muuzaji asiye na mizani, akaishika karatasi kwa vidole viwili, akaitikisa, akasema labda mia mbili na kumi. Baadaye niliuliza Baba Dogo wakaniambia ni mia mbili na kumi kweli. Ilinikera zaidi kwamba alikuwa sahihi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki tatu mfululizo. Akija asubuhi kusalimia, ananikuta nikikata, anasimama. Nikisema karatasi, anauliza, "Karatasi au ukurasa?" Alikuwa ameagiza kurasa kumi na mbili, nami nikakata vipande kumi na viwili, nikidhani ndivyo alivyotaka. Akanieleza, taratibu, kama mtoto, kwamba kipande kimoja kina kurasa mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo nimekata mara mbili ya alichoomba. Nikamwambia albamu haibandikwi nyuma, inavimba. Akasema, "Basi ungesema vipande." Nikamwambia ni yeye aliyesema kurasa.

Nataka niseme haki: hakuwa mtu mbaya. Hakupandisha sauti hata siku moja. Siku ya mvua alinishikia madumu yangu foleni ya maji. Na kuna mambo alinifundisha ambayo nayatumia mpaka leo, kama kuacha karatasi ipumzike chumbani siku moja kabla ya kukunjwa ikitoka kwenye unyevu. Lakini kuna watu ambao usahihi wao ni kama kokoto kwenye kiatu. Nilifika mahali nikiona kofia yake dirishani nasema moyoni, Mungu, nipe leo ugeni wa mtu mwingine.

Sasa gundi. Hapa ndipo penyewe.

Mimi albamu za picha za zamani nazitengeneza kwa kona. Unakata vipembe vidogo vya karatasi, unavibandika kwenye ukurasa, halafu unachomeka pembe nne za picha ndani. Picha haiguswi na gundi. Nilimwonyesha. Akaweka kidole chini ya picha ya majaribio, akaisukuma, ikatoka.

"Inatoka," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana yake."

"Mama watoto ana mikono ya kutapatapa siku hizi. Ataitoa moja aitie kwenye chai. Kitu kisichobandikwa si mali ya faili, hicho ni mgeni tu. Bandika."

"Naweza kutumia selotepu ya pande mbili, iwe kidogo tu katikati."

"Joto likija inaachia. Nimeona majalada mangapi? Tumia gundi ya seremala. Paka kote, zisianguke."

Niliandika kwenye daftari usiku ule, "kupaka kote, amesema yeye", kwa sababu nilijua si vizuri. Kwa nini uandike hivyo kama si kwamba unajitayarishia ushahidi? Nimejiuliza hilo sana.

Na kuna jambo lingine, ambalo sikuliandika. Nilipogeuza picha ya kwanza ili niipake, nyuma yake kulikuwa na maandishi. Zote kumi na moja zilikuwa nayo. Mwandiko wa mwalimu, umenyooka, kila herufi imekaa kwenye kiti chake. Tulikuwa tunafanya hivyo zamani, watu wote: ukipiga picha studio unaandika nyuma ni nani, ni wapi, usinisahau. Sikusoma. Nilijiambia ni mambo ya watu, mimi nani. Pia, kusema ukweli, nilikuwa nimechoka naye. Nilijua nikienda kumuuliza, tutaanza tena, huko ni nyuma au ni mgongo, haya ni maandishi au ni maelezo. Nikafunga mdomo, nikachukua brashi, nikapaka kote. Nikaweka pakiti nne za unga juu ya kitabu kwa siku mbili ili kikauke kikiwa kimenyooka. Kikatoka kizuri. Mpaka leo nasema kilikuwa kizuri, jalada la bluu, utepe mweupe wa kufungia.

Nilikipeleka Jumamosi. Binti yao alikuwa amekuja kutoka Fedha na matunda. Mama alikaa kwenye kochi, kitambaa kichwani, mikono imetulia mapajani, akanisalimia vizuri kabisa ingawa aliniita kwa cheo cha mwalimu mwenzake. Mzee aliweka kitabu mapajani pa mkewe kwa mikono miwili.

Mama akafungua. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na wasichana wawili wamesimama mbele ya pazia la studio. Aliipapasa picha. Akatabasamu. Mzee akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona meno yake ya chini.

Kisha mama akaingiza ukucha chini ya pembe ya picha.

Haikutoka. Akajaribu pembe nyingine. Akafungua ukurasa wa pili, akaingiza ukucha, haikutoka. Wa tatu. Ukucha ukaanza kuchubua karatasi.

"Huyu ni dada yako mkubwa," mzee alisema, akirudi ukurasa wa kwanza. "Unamkumbuka? Yule wa Mumias."

"Nani amesema?"

"Mimi nakwambia."

"Wewe bwana nikujue wapi?" Akaendelea kukwaruza. "Nani amezifunga? Mbona mmezifunga?"

Akakisukuma kitabu, kikaanguka kifudifudi, naye akaanza kulia bila sauti, kama watoto wake wa chekechea wanavyolia siku ya kwanza wakijua mama ameshaondoka.

Binti ndiye aliyeelewa. Alisimama na ndizi mkononi. "Baba, si yeye husoma nyuma! Hata sisi tukiwa wadogo, ukimwonyesha picha anageuza kwanza. Alikuwa anatuambia uso unadanganya, soma nyuma." Akanigeukia. "Anti, nyuma kulikuwa na maandishi ama hakukuwa?"

"Kulikuwa."

"Na ukapaka gundi juu yake?"

Mzee alikuwa ameinama kuokota kitabu, akasema akiwa huko chini, "Uliyaona na hukusema?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio. Wiki tatu za gramu na kurasa na vipande! "Na wewe mzee, uliyeniletea bahasha, hukuyaona?"

Alinyooka pole pole. Alikuwa na uwezo wa kusema hakuona, nami nisingemjua kuwa mwongo.

"Niliyaona," alisema. "Sikuyasoma. Nilidhani ni mambo yake."

Binti akacheka, kicheko kibaya. "Mko sawa nyinyi wawili. Mmoja mkubwa wa stoo, mwingine mkubwa wa gundi. Sasa mtayatoa ama mtaendelea kupimana?"

Sijawahi kuondoa gundi ya seremala nyuma ya picha. Niliwaambia hivyo, sikuwaficha. Niliwaambia naweza kuharibu zote. Mzee akauliza kwa maneno machache nitafanyaje, nikamweleza: sitaigusa picha mbele. Nitakata ukurasa, nitaulaza kifudifudi juu ya kitambaa safi, nitaulowesha mgongoni kwa sifongo yenye maji ya vuguvugu, halafu nitauchuna. Karatasi ngumu si kitu kimoja, ni tabaka kama chapati, ukiipata njia yake inachunika. Tabaka la mwisho ndilo lenye gundi, hilo nitalisugua kwa kidole gumba mpaka gundi ijiviringe itoke.

Nilingoja aseme si tabaka, ni kitu kingine. Akasema, "Maji yapo jikoni, nitayaweka kwenye jiko."

Tulifanyia pale pale kwenye meza yao. Ya wasichana wawili ilikuwa ya kwanza, na binti alinishikia ukurasa. Karatasi ya bluu ilitoka tabaka la kwanza, la pili, ikabaki ngozi nyeupe iliyonata. Nikasugua. Gundi ikaanza kujiviringa chini ya gumba kama uchafu wa mwilini mtu akioga. Halafu herufi moja ikatokea, halafu neno. Ilikuwa biro. Biro haiogopi maji.

Mama alikuwa ameacha kulia. Alivuta kiti. Picha ilipotoka nzima aliichukua ikiwa na unyevu, akaigeuza, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Dada yangu mkubwa na mimi. Gauni langu ni la kuazima, lake ni la kununua."

Akaigeuza mbele, akaitazama. "Ndiye," akasema. "Alikuwa na maringo huyu!"

Mzee alikaa chini.

Ya pili ilisema: Kisumu stesheni, mvua, kisigino cha kiatu kimevunjika, nimesimama kwa mguu mmoja. Mama akacheka, akainua gauni kidogo kutuonyesha mguu uliovunjikiwa kisigino. Ya tatu ilikuwa ya watoto wa chekechea, safu nne. Nyuma: Aliyefumba macho hajalala, ni mtundu. Akamtafuta, akampata, akampiga kofi dogo la kidole. Binti yake alipomwinamia kutazama, mama hakushtuka. Alimsogezea picha aone.

Mimi nilikuwa natoka jasho. Kila moja ilikuwa kazi ya karibu nusu saa, mgongo unauma, na furaha yao ilinipa hofu badala ya kunipa nguvu, kwa sababu nilishaona tatizo kwenye zilizobaki. Picha nane zilikuwa za biro. Tatu maandishi yake yalikuwa ya wino wa chupa. Nilikumbuka rangi nilipozipaka gundi, ule ubluu laini. Wino wa chupa ukiona maji unaondoka.

Nilimwambia mzee pembeni, mlangoni. Nilimwambia naweza kuziacha tatu hizo zikiwa zimebandikwa, angalau nyuso zitabaki na maandishi yatabaki chini hata kama hayasomeki. Au nijaribu kwa maji kidogo sana, kwa pamba, tupate au tukose.

"Ni zipi?"

"Ya mtoto mchanga. Ya nyumba. Na yako, ile ya sare."

Alifikiri. "Zikibaki zimefungwa atazikwaruza."

"Atazikwaruza."

"Jaribu."

Ya mtoto iliacha nusu ya maneno: alizaliwa, na mbele kidogo, mzito kama mfuko wa sukari. Binti alisema ni yeye, na hakuna aliyembishia. Ya nyumba ilibaki neno bomba tu, na mama akatueleza habari ya bomba hilo kwa urefu, jinsi lilivyokuwa likitoa maji siku za Jumanne peke yake.

Ya mzee nilitumia pamba niliyoikamua mpaka ikawa karibu kavu. Nilichuna kwa wembe, uzi kwa uzi. Nilifanya polepole kuliko zote, na nafikiri, sina hakika, kwamba kufanya polepole ndiko kulikoharibu, kwa sababu unyevu ulipata muda wa kuingia. Nilipofika chini nilikuta wingu la bluu. Mistari ilikuwa minne, hilo nililiona, minne mirefu, kuliko picha nyingine yoyote. Hakuna herufi hata moja iliyosimama.

"Yalikuwa yanasema nini?" nilimuuliza.

"Nimekwambia sikusoma." Aliichukua, akaipeleka dirishani, akaielekeza kwenye mwanga hivi na hivi. "Kalamu ya wino nilimnunulia mimi. Nilimwambia biro ni za makarani."

Ningeweza kusema pole, na nilisema baadaye, lakini wakati ule nilikuwa na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani, kwake kwa gundi yake, kwangu kwa brashi yangu, au kwa kalamu. Nikawa nafuta meza.

Mama alinyoosha mkono. "Leteni hiyo."

Aligeuza nyuma kwanza. Akaona wingu. Akageuza mbele: kijana wa sare, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, kofia chini ya mkono. Akageuza nyuma tena, akakunja uso, kama mwalimu aliyepewa daftari bila jina.

"Haijaandikwa," akasema. "Nani alileta picha isiyoandikwa?"

Binti akampa biro. Mzee alifungua mdomo, nadhani kumwambia aandike nini, ni nani, ni mwaka gani; alikuwa na haki, hakuna aliyejua kuliko yeye. Kisha akaufunga.

Mama aliandika akiwa ameinama karibu na karatasi, ulimi umetokeza kidogo. Mwandiko haukuwa ule wa zamani. Herufi zilikuwa zimeteleza kutoka kwenye viti vyake. Alipomaliza alinipa mimi, si mzee, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya picha. Niliwasomea:

"Simjui huyu. Amepiga pasi vizuri."

Binti aliziba mdomo, sijui alikuwa anacheka au vipi. Nilimtazama mzee nikiwa tayari kwa lolote.

"Alipiga yeye hiyo pasi," mzee alisema. "Alinichelewesha garimoshi." Akamsogelea mkewe, akakaa kwenye kiti cha pili, si karibu sana. "Mama, huyo mtu. Ana sura ya kuogopwa?"

Mama aliitazama picha muda mrefu, halafu akamtazama yeye, kofia yake mapajani, shati limefungwa kifungo cha juu.

"La," akasema. "Huyu ni wa ofisini tu."

Nilikata kona nne nikaiweka kwenye ukurasa mpya. Nyingine kumi nilizimalizia siku iliyofuata. Mzee alikuja asubuhi, akasimama dirishani, akanitazama nikichomeka, akaniambia kona ya kushoto imepinda. Nikaitazama. Ilikuwa imepinda.